Kutoka Salama hadi Mui: Matembezi katika nchi ya makaa yaliyobaki ardhini

NCHI nyingi zilizoishi kwa makaa ya mawe, Uingereza na Ujerumani zikiwa mbele, zimegeuza migodi iliyofungwa kuwa makumbusho na bustani ambako wazazi huwapeleka watoto siku za mapumziko. Mtoto huvishwa kofia ya chuma, akateremshwa shimoni na kuonyeshwa babu zake walifanya kazi gani.

Kenya haina mgodi wa aina hiyo. Ilicho nacho ni bonde la Mui, mashariki mwa Kaunti ya Kitui, ambalo makaa yake yaligunduliwa, yakapimwa, yakagawanywa katika vitalu na kutiwa sahihi, kisha yakabaki pale pale yalipokuwa. Shimo halikuchimbwa. Hata hivyo, historia ipo, na aghalabu ni historia ya watu waliokuwa wakingoja.

Familia inayotoka Nairobi au Mombasa inaweza kuifuata historia hiyo kwa safari ya siku mbili au tatu, ikianzia Salama katika Kaunti ya Makueni. Njia yenyewe ina mengi ya kuonyesha kabla ya kufika Mui, na ni heri isikimbiwe.

Kabla ya kung'oa nanga, neno moja lahitaji kuwekwa wazi. Kwa Mkenya wa kawaida 'makaa' ni yale ya miti, yanayouzwa kwa debe au gunia kando ya barabara. Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea ya kale iliyozikwa chini ya matope na mchanga, ikakandamizwa kwa mamilioni ya miaka hadi ikawa mwamba mweusi unaowaka. Ukambani kuna yote mawili. Yale ya juu ya ardhi yamewaletea wakazi ugomvi kuliko yaliyo chini, kama itakavyobainika.

SALAMA NA SIMBA WA KIMA

Salama ni kituo cha biashara katika eneo bunge la Kilome, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Madereva wa malori wanakifahamu kwa nyama choma, chai na mahali pa kulala. Wanakifahamu pia kwa miteremko na kona zake, kwani jina la Salama na ajali za malori zimetajwa pamoja mara nyingi katika taarifa za polisi. Mwenye watoto garini apite hapa mchana na asiwe na haraka ya kulipita lori.

Reli ya zamani inapita karibu na hapa, na ndiyo iliyoyaandika majina ya sehemu hizi katika vitabu. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka wa 1896 na vyuma vikafika Nairobi Mei 1899. Wakamba wanasimulia kwamba mtabiri wao, Syokimau, alikuwa amekwisha kuiona kabla haijaja, naye akaieleza kuwa nyoka mrefu atakayetoka maji ya upande mmoja hadi maji ya upande mwingine.

Jirani na Salama kuna kituo kidogo cha Kima. Takriban kila mtoto wa shule nchini amesikia habari za simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka wa 1898. Wachache wamesikia za simba wa Kima, ilhali kisa chake kinatisha zaidi.

Mnamo Juni 1900, simba mmoja alikuwa akiwahangaisha wafanyakazi wa kituo hicho. Msimamizi wa polisi wa reli, Charles Ryall, alifika hapo kwa gari la moshi pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Behewa lao liliachwa kwenye reli ya pembeni usiku ili wamvizie mnyama huyo. Ryall alishika zamu dirishani. Huebner alilala kitanda cha juu na Parenti akalala sakafuni.

Usingizi ulimshinda mlinzi. Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma, akamkanyaga Parenti na kumrukia Ryall. Kwa kuwa behewa lilikuwa limeinama, uzito wa mnyama uliufanya mlango ujifunge nyuma yake, na watu watatu wakawa wamefungiwa na simba ndani ya chumba kimoja. Alitoka kupitia dirishani akiwa na Ryall kinywani. Baadaye simba alinaswa kwa mtego na kuuawa. Ryall alizikwa Nairobi.

Wapenda mzaha hudai kuwa kituo kiliitwa Kima kwa sababu ya nyama ya kusaga. Mzaha huo hauna mashiko, maana Kikamba huita mlima 'kiima', na vilima hapa vimejaa kila upande. Kima kwenyewe hakuna mengi ya kutazama. Anayetaka kuwaonyesha watoto behewa lile lile aanzie safari yake kwenye Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, ambako limehifadhiwa.

Huko Nairobi watoto wataona pia injini kubwa za mvuke, na huenda wakauliza kama ziliendeshwa kwa makaa ya Kitui. La. Kwa miaka mingi injini za reli hii zilikula kuni, na misitu ikalipa gharama hiyo. Baadaye zikatumia mafuta. Makaa ya Mui hayajawahi kusukuma hata gurudumu moja.

KUTEREMKA HADI KIBWEZI

Baada ya Salama, barabara inateremka hadi Sultan Hamud, mji ambao inasemekana ulipewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, alipokuja kutazama reli ilipofikia. Hapa ni mahali pa kununua maji na matunda, kisha safari iendelee.

Mbele kidogo, kaskazini mwa barabara, kuna kilima cha Nzaui. Mmarekani wa asili ya Uskoti, Peter Cameron Scott, alianzisha hapo mwaka wa 1895 kituo cha kwanza cha misheni ambayo ilikuja kuzaa kanisa la Africa Inland. Scott aliishi mwaka mmoja tu baada ya kufika. Aliaga dunia Desemba 1896. Kupanda Nzaui kunahitaji viatu vizuri, maji ya kutosha na mwenyeji wa kuongoza. Watoto wa miaka kumi na zaidi wanakimudu. Chini yake ni nchi ya maembe na machungwa, na huko Kalamba serikali ya Kaunti ya Makueni ilifungua kiwanda cha kusindika matunda mwaka wa 2017.

Makindu ndiko mahali pazuri zaidi pa kupumzika katika njia yote hii. Hekalu la Kalasinga, lililojengwa mwaka wa 1926 mahali palipokuwa na kambi kubwa ya wafanyakazi wa reli, humkaribisha mpita njia wa dini yoyote kwa chakula bila malipo. Masharti ni machache: vua viatu, funika kichwa, usiingie na pombe wala tumbaku, na usibakishe chakula sahanini. Wengi huacha sadaka ingawa hakuna anayeiomba. Mtoto anayedhani reli ilijengwa na Waingereza peke yao atajifunza mengi hapa kuliko darasani, kwani maelfu ya vibarua na mafundi waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo.

Kibwezi kuna msitu na chemchemi zinazotokana na mvua iliyonyesha kwenye vilima vya Chyulu, ikapenya katika mawe ya volkano na kutokeza upande wa chini. Wasafiri wa treni ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria Juni 2017, wanaweza kushuka hapa au Emali na kuendelea kwa matatu.

KUVUKA MTO ATHI

Kutoka Kibwezi msafiri anaiacha barabara ya Mombasa na kushika ile ya Ikutha na Mutomo. Zamani njia hii ilikuwa vumbi na mawe, na matatu ikiharibika abiria walilala porini. Sasa kuna lami hadi Kitui, jambo ambalo limeyasogeza maeneo mawili yaliyotengwa na mto Athi. Mto huu ndio ule ule unaoitwa Galana na kisha Sabaki unapokaribia Malindi.

Ng'ambo ya mto kuna uwanda wa Yatta. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni ukuta uliojengwa kwa kamba, jinsi kilele chake kilivyo sawasawa. Ni mkondo wa lava uliotiririka na kuganda, wenye urefu wa karibu kilomita 300, na wataalamu huutaja miongoni mwa mikondo mirefu zaidi ya aina hiyo duniani. Simamisha gari uwaonyeshe watoto.

Simulizi za Wakamba zinasema kwamba mababu zao walitawanyika kutoka milima ya Mbooni, na baadhi wakavuka Athi kutafuta ardhi ya kilimo, malisho na mawindo huko Kitui. Ikutha iliwapokea wamishonari wa Kijerumani katika miaka ya 1890. Mutomo ni mji wa kujaza mafuta na kula muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa ganda na kupikwa kwa maharagwe au pojo. Mgeni asiyeula bado hajafika Ukambani.

KITUI, MAHALI JINA LA NCHI LILIPOTOKEA

Mji wa Kitui unastahili usiku mmoja. Katikati ya karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu, na misafara yao ilifika Mombasa. Mmoja wa vigogo wao alikuwa Kivoi, aliyekuwa na makazi Kitui. Kwake ndiko alikofikia mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, na kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao wenyeji wake waliuita kwa jina alilolisikia na kuliandika kuwa Kenia. Taifa zima lilipata jina kwa njia hiyo, kutoka kinywani mwa Wakamba.

Urafiki huo uliisha vibaya. Krapf alirudi mwaka wa 1851, na walipokuwa safarini kuelekea mto Tana msafara ulishambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf alinusurika akatangatanga porini kwa kiu na njaa. Ni Krapf huyu huyu aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka wa 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki.

Kilomita chache nje ya mji kuna jiwe la Nzambani, mwamba mkubwa uliosimama peke yake, wenye ngazi ya chuma ya kupandia. Hadithi ya wenyeji inasema kwamba anayeuzunguka mara saba hubadilika jinsia. Watoto huhesabu mizunguko kwa sauti na kukoma kwenye sita. Ukiwa juu, siku isiyo na ukungu, nchi ya Kitui inaonekana yote, kavu na pana, na upande wa mashariki vinaonekana vilima ambavyo nyuma yake makaa yamelala.

BONDE LA MUI

Wizara ya Kawi ilianza kutafuta makaa ya mawe katika bonde la Mui mwishoni mwa miaka ya 1990. Visima zaidi ya 70 vya uchunguzi vilichimbwa katika eneo la takriban kilomita mraba 500. Bonde liligawanywa katika vitalu vinne: A cha Zombe na Kabati, B cha Itiko na Mutitu, C cha Yoonye na Kateiko, na D cha Isekele na Karunga. Serikali ilitangaza kwamba kitalu C pekee kilikuwa na tani milioni 400.

Tarakimu hiyo iliwashika watu wengi. Viongozi walizungumza juu ya viwanda, reli na ajira. Desemba 2013, serikali ilitia sahihi mkataba wa vitalu C na D na kampuni ya Uchina, Fenxi Mining Industry, pamoja na mshirika wake.

Kwa mkulima wa Mui, tarakimu iliyokuwa na maana ilikuwa nyingine: ekari ngapi zitachukuliwa, na atalipwa nini? Uchimbaji wa shimo la wazi hauachi boma, kaburi, kisima wala mwembe. Familia nyingi hazikuwa na hatimiliki, na fidia bila hatimiliki ni ahadi. Wengine walilalamika kwamba hawangeweza kujenga nyumba ya mawe wala kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaambia iwapo wangehamishwa mwaka huo au baada ya miaka kumi.

Hofu hiyo ina mizizi. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba wa Machakos, wilaya iliyojumuisha Makueni ya leo, mifugo yao kwa hoja kwamba ilikuwa mingi kupita uwezo wa ardhi. Maelfu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Ng'ombe walirudishwa, lakini Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu. Mzee wa Ukambani anayesikia serikali ikija kwa manufaa yake huwa na sababu ya kuuliza maswali.

Wakazi wa Mui walikwenda kortini kupinga jinsi mradi ulivyoendeshwa. Mwaka wa 2015 jopo la majaji watatu wa Mahakama Kuu lilikataa ombi lao. Mwaka uliofuata, Sheria ya Madini ilieleza mgao wa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Kwenye karatasi, Mui ilikuwa karibu kutajirika.

Kilichouzuia mgodi kilitokea mbali. Makaa ya Kitui yalikusudiwa hatimaye kuulisha mtambo wa umeme wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Lamu, ambao ungeanza kwa makaa ya kuagizwa. Watu wa Lamu, wakihofia bahari, samaki na mji wao wa kale, waliupinga. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Mwaka wa 2020 benki kubwa ya Uchina iliyotarajiwa kuufadhili ikajitoa. Wakati huo huo nchi ilikuwa ikipata umeme wake mwingi kutoka mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana, na hoja ya kuhitaji makaa ikapungua nguvu. Wavuvi wa Lamu waliwapa wakulima wa Mui kile ambacho Mahakama Kuu haikuwapa, ingawa hawakuwa wamekusudia.

Si kwamba Kenya haitumii makaa ya mawe. Viwanda vya saruji huyaagiza kutoka ng'ambo kwa kuchomea mawe ya chokaa. Wala si kwamba ndoto imezikwa, maana kila baada ya muda hutokea kiongozi anayetamka kwamba utajiri wa Mui haupaswi kulala. Kila tamko kama hilo linapotolewa, anayetaka kujenga huweka tofali chini na kungoja tena.

Mgeni ataona nini huko? Mashamba ya pojo, mtama na mbaazi, mbuzi, mizinga ya nyuki mitini, mito ya mchanga ambayo wanawake na watoto huchimba kwa mikono kupata maji. Hakuna kibao wala makumbusho, na hakuna hata kipande cha makaa kilichowekwa ndani ya kioo. Hilo ni kasoro ambayo serikali ya kaunti ingeweza kuiondoa kwa gharama ndogo: chumba kimoja, ramani ya vitalu, vipande vya mwamba kutoka visimani na maelezo ya wakazi wenyewe. Mpaka hapo, safari hii inategemea wenyeji. Pitia kwa chifu au kwa mwalimu wa shule iliyo karibu, ujieleze, umpate kijana wa kukuongoza na umlipe. Mgeni anayeshuka garini na kuanza kupiga picha mashamba ya watu ataulizwa ametumwa na nani, na baada ya yote yaliyopita, ni haki aulizwe.

Watoto wenye umri wa kuelewa wanaweza kumwuliza mzee yeyote kuhusu siku wachimbaji wa visima walipofika.

NJIA YA KURUDI

Anayerejea Nairobi hana haja ya kupita Kibwezi tena. Kutoka Kitui kuna lami hadi Mwingi, kisha barabara ya Garissa kuelekea Matuu na Thika. Asali ya Kitui huuzwa njiani. Onja kabla ya kununua.

Katika njia hiyo kuna soko la Kanyonyoni, ambako Februari 2018 lori lililobeba makaa ya miti liliteketezwa baada ya Gavana Charity Ngilu kupiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga kutoka kaunti hiyo. Tukio hilo lilizua uhasama na wafanyabiashara wa Kiambu. Wauzaji walidai wananyimwa riziki, na waliounga mkono marufuku walionyesha vilima vilivyobaki vipara.

Msimu mzuri wa safari ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo wakulima wa Ukambani huzitegemea zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei, hupendezesha nchi lakini hujaza mito ya mchanga kwa ghafla, na barabara za udongo kuelekea Mui huwa hazipitiki kwa gari dogo. Beba maji ya kunywa kutoka Kitui mjini, ujaze mafuta hapo hapo, na upange kuondoka Mui kabla ya saa tisa alasiri ili giza lisikukute kwenye barabara za udongo.